Mbao Chini ya Kitanda cha Muzee Kasereka

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa shati lake jeupe la shule, Bénita alichemsha maji, kisha akamsaidia mama yake, Micheline, kumwinua Koko. Ndivyo alivyomwita babu yake, Muzee Kasereka. Zamani muzee huyo alikuwa fundi wa chukudu, na vigari vyake vya mbao vilibeba mizigo Goma nzima. Sasa alikuwa amepooza upande mmoja. Aliinuliwa, akaoshwa, akageuzwa, akarudishwa kitandani.

Halafu mgongo wa Micheline ukakataa kazi. Bénita akabaki nyumbani kumtunza Koko, leo na kesho na keshokutwa, huku mtihani wa darasa la sita ukikaribia.

"We Bénita, umeolewa?" rafiki yake Clarisse alimtania dirishani. "Mwalimu amesema nafasi yako atampa mbuzi!"

Bénita alicheka, kisha akageukia ukuta asionekane macho.

Jumapili, shangazi yake Philomène, mchuuzi wa maharagwe, alifika kutoka Rutshuru. Wakubwa wakakaa kando ya kitanda.

"Muzee anahitaji kiti cha magurudumu," Philomène alisema. "Na mutu wa kusaidia asubuhi, tumulipe."

"Kwa pesa gani?" aliuliza Adalbert, baba yake Bénita, aliyerithi ufundi wa Muzee. "Nani alijua atalala hivi?"

"Basi nchi isaidie wazee wake."

"Nchi!" Adalbert alicheka bila furaha. "Wakubwa wanapita hapa na magari ya vioo vyeusi. Uzee wao wameshaupanga. Wetu watauona wapi, na vioo vile?"

"Wakubwa wana dhambi yao," Micheline alisema polepole, mkono kiunoni. "Lakini hata sisi hatukukaa hivi kuongea wakati Muzee alikuwa anatembea."

Ndipo Bénita akauliza, "Na zile mbao?"

Wakubwa wakamgeukia. Chini ya kitanda kulikuwa na mbao nzuri za mkaratusi, Muzee amezipiga randa mwenyewe na kuzifunika kwa gunia. Zilikuwa za jeneza lake. Mke wake, Marie-Louise, alifariki kambini Mugunga walipokimbia vita, vita vya watu ambao hawakulala kambini hata siku moja. Alizikwa amefungwa katika turubai. Tangu hapo Muzee aliapa kwamba yeye hatazikwa hivyo.

"Nyamaza, mutoto!" Philomène alifoka. "Unataka Koko azikwe kama mbwa?"

"Hapana, shangazi." Machozi yalimtoka. "Nataka akae kwenye jua angali hai. Na mimi nataka kusoma."

Mkono mzima wa Muzee ukagonga ukuta. Maneno yakatoka mazito, yamepinda.

"Adalbert... vuta mbao."

Hakuna aliyesogea.

"Vuta!"

Adalbert alizivuta mbao, akafanya kazi nje, juu ya mawe meusi ya volkano. Alitengeneza kiti cha mgongo mrefu, chenye magurudumu ya chukudu, na tundu la kuwekea beseni chini. Urefu wake aliulinganisha na wa kitanda, ili Muzee atelezeshwe tu, asibebwe. Kabla ya kuondoka, Philomène aliahidi kutuma maharagwe na sabuni kila mwezi. Adalbert naye angetenga sehemu ya kila chukudu atakayouza, kwa ajili ya dawa na kumlipa jirani yao Patricia aje asubuhi.

Asubuhi ya kurudi shule, Bénita alimkuta Koko uani, jua likimpiga usoni.

"Niliogopa siku moja ya kuzikwa," Muzee alimwambia, "nikaitayarisha miaka mingi. Miaka ya kuuguzwa sikuiwaza. Ningeongea na wanangu nikiwa na nguvu, wewe usingekosa shule. Usingoje wakubwa, mutoto wangu, na usingoje kuanguka. Panga ungali umesimama."

"Na jeneza lako, Koko?"

Muzee alipapasa mkono wa kiti kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Marie-Louise alikwenda bila jeneza. Atanipokea hivyohivyo. Kimbia sasa, mbuzi asikae nafasi yako."