Heller Mbili za Kaliza

Umuganda wa Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ulipokwisha na mitaro ya Rebero kuzibuliwa, Kaliza alirudi nyumbani akaendelea kusafisha. Ndivyo alivyolelewa. Kwao sufuria husuguliwa mpaka ujione uso, na viatu vyenye tope havivuki mlango.

Alipomaliza vyombo akazikumbuka sarafu. Jumatatu shule yao ya Kicukiro ingefanya maonyesho, na baba yake mdogo, Nkusi, alikuwa amemwazima heller mbili za shaba alizorithi kwa mama yake huko Karagwe. Zilikuwa fedha za enzi za Wajerumani, zote za mwaka 1904, zimefanana kama mapacha. Ila upande wenye shada la majani kila moja ilikuwa na herufi ndogo kama punje ya ulezi. Moja ilikuwa na A, maana yake imetengenezwa Berlin. Nyingine ilikuwa na J, ya Hamburg, na J ya mwaka huo ndiyo adimu zaidi. Kaliza aliweza kuzitofautisha kwa lenzi, na darasa zima lilijua, maana alikuwa ameringia ujuzi huo wiki nzima.

"Mbona hii J ni nyeusi hivi?" alijiuliza. "Wageni watatuona wachafu!"

Akachukua majivu na kipande cha limau, akasugua kwa nguvu zake zote. Sarafu ikawaka. Akaweka lenzi jichoni. Herufi haikuwapo.

Jumatatu asubuhi alimweleza Hirwa, mwenzake wa dawati. Hirwa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yewe! Mtaalamu ameosha utaalamu wake!" Kisha akamwonea huruma, akachomoa pini kwenye kola yake. "Ichore tu. Si uongo, ilikuwa J kweli."

Maneno hayo yalimwingia Kaliza vizuri. Kweli ilikuwa J, aliiona kwa macho yake. Akaweka ncha ya pini juu ya shaba, kisha akaiinua. Hiyo ingekuwa J ya nani? Ya Hamburg, au ya Kaliza wa Rebero?

"Chukua pini yako," alisema. "Nitasema nilichofanya."

"Watakucheka."

"Wacha wacheke. Lakini hakuna atakayesema nimemdanganya."

Ukumbi ulijaa wazazi, Nkusi akiwa mstari wa mbele na suti yake ya kazini. Mwamuzi alikuwa Bi Aneth, Mtanzania anayekusanya sarafu za kale. Kaliza alisimama wima, akaonyesha A, akaeleza bila kugugumiza. Kisha akainua ile inayong'aa.

"Hii ilikuwa na J. Nimeisugua kwa majivu, nikaifuta. Nilishika pini niichore upya, nikaacha. Sina cha kuwaonyesha ila neno langu. Baba mdogo, nisamehe."

Watu wakaguna. Nkusi akainamisha kichwa.

Bi Aneth aliichukua sarafu, akaenda nayo dirishani, akailaza na kuigeuza polepole.

"Njoo, mwanangu. Usiitazame kutoka juu. Acha mwanga uipitie ubavuni."

Kaliza alichungulia kwa lenzi. Pale, hafifu kama alama ya ukucha, palikuwa na kivuli kilichopinda kama ndoana.

"Mkia wa J!" alipiga kelele. "Ni yenyewe!"

"Ni yenyewe," Bi Aneth alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Thamani yake imepungua sana, wala haitarudi. Lakini ingekwaruzwa kwa pini, hata hiki kivuli kingepotea, nami ningeiita bandia."

Hirwa alijikuta akitazama viatu vyake.

Nkusi alipanda jukwaani, akamshika Kaliza bega.

"Mama yangu naye alisugua kila kitu. Hii iliponea chupuchupu," alisema, watu wakacheka. Kisha akawageukia wanafunzi. "Sarafu ya kale iacheni na weusi wake, ndio umri wake. Na mtu akikosea aseme kosa lilivyo, asilichoree herufi ya kulifunika, hata kama anajua herufi ni ya kweli. Shaba yangu imekwaruzika. Jina letu halikukwaruzika. Leo natembea Kigali kifua mbele."

Wazazi walijipanga dirishani kutaka kuona. Kaliza akakunja mikono ya sweta lake, akamkabidhi wa kwanza lenzi.

"Usiitazame kutoka juu, mama," alisema. "Ilaze hivi."