Katoni Sitini za Neville

Neville Tranter analima ngano na kufuga kondoo, kilomita ishirini kutoka mji wetu wa Wirrabilla. Ni mchapakazi, ni mkarimu, na ana kichwa kigumu. Nasema hivyo nikijua atausoma ukurasa huu, maana shamba lake na langu yanapakana.

Asubuhi moja ya Januari alikuwa jikoni anakunywa chai. Mkewe, Glenys, alikuwa anapaka siagi kwenye mkate wa kuchoma. Binti yao, Tegan, alikuwa amekaa mezani na orodha ya wageni. Harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Baba, vinywaji umeshaagiza?" Tegan aliuliza.

"Nitapiga simu leo. Katoni sitini za bia."

Glenys aliacha kupaka siagi. "Sitini?"

"Sitini."

"Nev, tunamwoza binti au tunafungua baa?"

"Usinianze, Glenys. Wewe mwenyewe ulikuwepo siku ile."

Siku ile ilikuwa siku ya harusi yao wenyewe, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Bia iliisha kabla keki haijakatwa. Wageni walitoka mmoja mmoja, kimya kimya, wakaenda kumalizia kiu kwenye baa mjini. Maharusi walibaki wakicheza muziki na mashangazi wawili na mzee wa kufagia ukumbi. Tangu hapo watu wa Wirrabilla wanamwita Neville Mkono wa Birika. Akinunua misumari dukani, mtu atamuuliza kama leo nyumbani kwake kuna hata maji. Yeye hucheka nao, lakini yanamuuma. Sasa alitaka kitu kimoja tu: Tegan asije akacheza kwenye ukumbi mtupu.

Glenys alilijua hilo, kwa hiyo hakubishana. Alimpigia simu Maree Quilty.

Maree anauza kwenye duka la vinywaji mjini. Pia alisimamia kaunta ya klabu ya mpira kwa miaka ishirini. Mchana ule ule alifika na penseli nyuma ya sikio.

"Haya, Nev. Hizo sitini umezipata wapi?"

"Nimekadiria."

"Kwa kipimo gani? Kiu yako?"

"Kwa fainali ya mpira ya mwaka juzi. Tulikunywa katoni arobaini. Harusi ni kubwa kuliko mpira, nikaongeza ishirini."

"Fainali ile mlikunywa siku mbili, bwana, na mlikuwa wilaya nzima. Katoni moja ina chupa ishirini na nne. Tegan, sitini zina chupa ngapi?"

Tegan aliandika pembeni ya orodha yake. "Elfu moja mia nne na arobaini."

"Wageni wangapi?"

"Mia moja na kumi, pamoja na watoto."

"Basi kila mmoja ana chupa kumi na tatu. Yule mtoto wa Shayne kwenye orodha yenu ana miezi minne. Na yeye zake kumi na tatu zipo zinamngoja."

Tegan na mama yake walicheka mpaka wakafuta machozi. Neville alitazama dirishani.

"Tatizo lako umeanza na katoni," Maree alisema. "Anza na watu. Watoto wangapi?"

"Kumi na watano," alijibu Tegan.

"Watoe. Wanabaki tisini na tano. Wasiokunywa pombe? Wenye mimba, wanaomeza dawa, walioacha, wasiopenda. Na wale watakaoendesha magari, maana dereva hanywi."

Tegan na mama yake walipitia majina yote, moja baada ya jingine. Walipata watu ishirini.

"Kwa hiyo wanywaji ni sabini na watano. Sherehe ni ya saa ngapi?"

"Inaanza saa saba mchana, inaisha saa kumi na mbili jioni. Jumla saa tano."

"Saa ya kwanza watu wana kiu na aibu, kwa hiyo hunywa glasi mbili. Baada ya hapo hesabu glasi moja kwa saa. Kuna atakayezidisha, kuna atakayepunguza, mwisho wanalingana. Mbili na nne?"

"Sita."

"Sita mara sabini na watano."

"Mia nne na hamsini," Tegan alisema. "Baba, ulitaka mara tatu yake."

Neville alikunja mikono. "Sawa. Katoni kumi na tisa za bia, basi."

"Nani kakwambia wote wanakunywa bia?" Maree aliuliza. "Mkwe wako ni Dario Pavan. Kina Pavan wanalima zabibu za mvinyo miaka sitini sasa. Utawapa bia na chakula?"

"Sikufikiria hilo," Neville alikiri.

"Naona. Gawanya. Nusu bia: katoni kumi zinatosha, lakini Februari ni joto, ziwe kumi na mbili. Mvinyo: chupa moja hutoa glasi tano. Tukitaka glasi mia na hamsini, ni chupa thelathini. Ongeza sita za akiba. Wa povu, ule wa kuwatakia heri maharusi, humiminwa kidogo. Chupa moja hutoa glasi sita. Chukua chupa kumi na tatu."

"Na maji?" Glenys aliuliza.

"Hapo umeuliza la maana. Lita moja ya maji kwa kila mtu, mezani, bila kuombwa. Soda kwa watoto na madereva. Barafu kilo moja kwa kila mgeni. Na chakula kianze mapema. Pombe kwenye tumbo tupu ndiyo inayoleta ugomvi."

"Barafu nitaiweka kwenye hori la kunyweshea kondoo," alisema Neville, akifurahi kuwa na la kuchangia. "Nitatumbukiza bia zote asubuhi."

"Hori sawa, ulioshe tu. Lakini usitumbukize zote. Katoni kavu ambayo haijafunguliwa, duka letu linaipokea. Ikilowa, ni yako milele. Weka mbili mbili."

Kisha Maree akaweka penseli chini. Sauti yake ilibadilika kidogo.

"Sasa usafiri. Mwaka jana niliuza vinywaji vya harusi moja. Jumatatu nikaenda hospitali kumtazama kaka wa bibi harusi. Alikuwa amelewa, kangaruu akamrukia barabarani, hakuwahi hata kugusa breki. Leo anatembea kwa magongo. Kodini mabasi mawili. Saa kumi na mbili jioni yawe mlangoni, kabla kangaruu hawajaanza kuvuka."

Tegan aliandika: mabasi mawili. Kwetu kila mtu anamjua yule kijana wa magongo.

"La mwisho, Nev," alisema Maree. "Wageni ni hao mia na kumi tu? Hakuna mwingine uliyemwambia?"

Neville alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Hao tu," alisema.

Wiki iliyopita alikuwa amewaambia vijana wa kriketi pale baa, "Siku ya harusi mkimaliza mechi, pitieni mnywe moja." Huku kwetu hilo tunalisema kama salamu, na tunajidanganya kwamba si mwaliko. Tatizo ni kwamba watu huja.

Siku ya harusi joto lilifika nyuzi arobaini na moja. Mimi nilikaa meza ya tisa ya ukumbi, nje ya mji, karibu na mlango, nikitafuta upepo ambao haukuwepo. Lakini kwenye kila meza kulikuwa na majagi ya maji yenye barafu. Nyama ya kondoo ilitoka saa saba na robo. Kina Pavan walileta soseji zao na jibini. Kila mgeni alipewa kivalio cha kuvalisha chupa ili bia isipate moto, na Maree, aliyesimamia kaunta, alituamuru tuandike majina yetu juu yake.

"Mtu huweka chupa chini, huisahau, halafu hufungua nyingine," alituambia. "Nusu ya bia ya harusi hupotea hivyo."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka saa tisa. Hapo wakaingia vijana kumi na wawili wenye nguo nyeupe za kriketi, wamejaa vumbi na nyuso nyekundu. Hata mchezaji wa akiba alikuja.

Maree alimgeukia Neville. "Hawa ni kina nani?"

"Wapita njia."

"Wapita njia waliovaa sare?"

"Niliwaambia wapitie wanywe moja," alisema Neville kwa sauti ndogo.

Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, na kila mmoja alikunywa ya kwanza kama anayemwagilia bustani. Ilipofika saa kumi na moja kasoro robo, Maree alimwita Neville nyuma ya kaunta.

"Bia imebaki katoni moja. Muda umebaki saa moja na robo. Mvinyo upo, maji yapo, soda zipo. Nataka ujue tu."

Neville alitazama ukumbi. Alitazama mlango. Kisha akatoka nje, akaingia kwenye pikapu yake, akaiwasha. Duka la mjini lilikuwa bado wazi.

Tegan alimwona. Alishika gauni lake kwa mkono mmoja na shada la maua kwa mwingine, akakimbia juu ya nyasi kavu, akasimama mbele ya gari.

"Unakwenda wapi?"

"Mjini mara moja. Nitarudi sasa hivi."

"Umekunywa ngapi?"

"Chache."

"Baba."

"Tano. Labda sita."

"Nipe funguo."

"Tegan, wewe hujui," alisema Neville. Alikuwa ameshika usukani kwa nguvu. "Bia ikiisha watu wanaondoka. Nimeshaliona. Mama yako alicheza na mashangazi siku ya harusi yake. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Siwezi kuliona tena kwako."

Tegan alikuja mpaka dirishani. Wanja wa macho ulikuwa umeanza kumchuruzika.

"Wakiondoka wote, nitacheza na Dario, na nitafurahi," alisema. "Lakini wewe usiporudi, mimi kila mwaka, siku ya harusi yangu, nitakuwa ninalia. Unanielewa?"

Nilikuwa mlangoni, nikamwona Neville akizima gari. Alimpa binti yake funguo, na yeye akazisokomeza ndani ya shada lake la maua.

Maree alikuwa anawangoja kwenye kaunta. Hakumwonea haya.

"Ungenitajia hawa kumi na wawili siku ile jikoni, ningeongeza katoni tatu na sasa hivi ungekuwa unacheza. Hesabu yangu haikukosea. Wewe ulinipa watu pungufu."

"Najua," alisema Neville. "Nilikosea. Sasa tufanye nini?"

"Sasa tunatoa chakula tena. Soseji zote zilizobaki, jibini, na matikiti yaliyo kwenye barafu. Majagi yajazwe. Bia ni moja kwa mtu, siyo mbili mbili. Na uwaambie ukweli."

"Nani, mimi?"

"Nani mwingine?"

Bia ya mwisho ilitoka saa kumi na moja na dakika ishirini. Neville alipanda jukwaani na kuchukua kipaza sauti. Mimi, ambaye nimemtania miaka yote hiyo, niliona aibu.

"Jamani," alisema. "Bia imeisha."

Neville alibaki amesimama pale na kipaza sauti kifuani. Ndipo bibi yake Dario, Bibi Assunta, mwenye miaka themanini na sita, akagonga meza kwa kijiko.

"Afadhali," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Sasa njooni mnywe kitu cha watu wazima. Na mle kwanza, mmekonda."

Watu walicheka mpaka meza zikatikisika. Vijana wa kriketi walisogeza viti kwa kina Pavan. Walipewa mvinyo kidogo, soseji nyingi na maji mengi zaidi. Mchezaji wa akiba alikunywa soda tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa dereva wao. Watoto walikula matikiti mpaka mashati yakalowa. Muziki ulipoanza tena, hata mimi niliinuka, na magoti yangu ni mabovu.

Nilikaa karibu na mlango siku nzima, kwa hiyo naweza kushuhudia. Hakuna mtu hata mmoja aliyeutazama.

Mabasi yalifika saa kumi na mbili kamili, jua bado kali. Madereva walipiga honi mara moja, wakangoja, wakapiga tena. Hakuna aliyetoka. Mwishowe Glenys alikwenda kuwaita madereva waje ndani wale keki, maana aliona watangoja sana.