Meza Moja, Simu Mbili

Siku ya kwanza ya kazi Kashikishi, sketi ya kitenge ya Priscille ilinaswa na msumari wa meza kabla hajaketi. Mlangoni wachukuzi walisukumana na magunia ya chisense, dagaa wa ziwani. Nje jenereta ilinguruma, na jirani alisaga mahindi. Kijana mwenye shati jeupe aliinama, akainasua sketi bila kukata uzi hata mmoja.

"Mi Kalenga!" alipaza sauti. "Meza ni moja, tutagawana!"

"Nini?"

"MEZA!"

Ofisi hiyo ya kusafirisha samaki ilikuwa chumba kimoja, watu watano. Kalenga akabuni dawa ya kelele: alimpigia simu Priscille, naye ameketi mbele yake, magoti yakigusana. Nyaya masikioni, wakanong'ona.

"Mupenzi, unasikia sasa?"

"Nasikia hata unavyotafuna tangawizi."

"Punguza kucheka. Karani Ba Nkonde anatuangalia."

"Aangalie. Macho ni yake."

Miezi sita wakapendana hivyo. Kisha kila asubuhi simu ya Kalenga ikaanza kuwa na mtu mwingine. Aligeukia ukuta, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Nani ule?" Priscille aliuliza.

"Madame Emilienne, mukubwa wetu wa Chienge. Mambo ya kazi."

"Kazi njo inakuchekesha hivyo?"

Ba Nkonde, yule karani mzee, akamwinamia Priscille sikioni. "Mwanaume anayegeukia ukuta, iko anaongea na mwanamuke."

Usingizi ukampaa. Alihesabu vicheko vya Kalenga, akakagua manukato yake.

Ijumaa jirani alipomaliza kusaga, Kalenga aligeukia ukuta tena. Priscille akatoka, akazima jenereta asikie.

Kalenga hakupata muda wa kushusha sauti. Mtandao wa Chienge ulimtaka apayuke.

"NDIYO, MADAME! PRISCILLE ATOKE HAPA, MUMUTUME CHIENGE!"

Kalamu zote zikasimama. Priscille alikuwa mlangoni.

"Unanitoa? Juu ya nani?"

"Kuya inje tuongee."

"Siendi. Sema mbele ya batu."

Kalenga akajifuta jasho. "Kanuni ya kampuni inakataza bibi na bwana kukaa mu biro moja. Jumapili nilitaka kupeleka barua ya posa kwa wajomba zako. Nikakutafutia kwanza nafasi huko, nikufurahishe."

"Kwa hiyo hakuna mwanamuke?"

"Iko mumoja. Amesimama kwa mulango."

Ba Nkonde akakohoa. Priscille hakutabasamu.

"Unanipenda, halafu unanihamisha kama gunia? Wafanyabiashara wote wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, wananijua mi hapa. Nani alikuambia mi njo wa kutoka?"

Akamnyang'anya simu. Laini ilikuwa bado wazi.

"Madame, ni Priscille. Kwa ile nafasi, andika Kalenga." Akamkazia macho Kalenga. "Sema ndiyo, ao barua ibaki mufukoni."

Kalenga alitazama meza, karatasi, uso wa yule msichana. Akaisogelea simu.

"Niandike mi, Madame."

"Vizuri," Priscille alisema, sauti yake sasa imelegea. "Jumapili, misa ikiisha. Wajomba hawapendi kungojeshwa." Akakunja uso tena. "Madame, na huko Chienge ataketi na nani?"

"Na Zéphirin tu," simu ikacheka. "Muzee wa ndevu."

"Sawa," Priscille akajibu. "Nitapanda gari nikazione hizo ndevu."