Kikapu cha Juu Kabisa

Enyi wakazi wa Bujumbura, kuanzia Kiriri kwa wenye magari hadi Gasenyi kwa wenye miguu! Simameni wima, vueni kofia, wafuteni watoto kamasi! Mnatangaziwa rasmi hadithi ya mapenzi makuu yaliyochanua katika bustani ya michezo iliyo bora kuliko zote nchini.

Ilikuwa bora kuliko zote kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Ilikuwa mwisho wa Carama, pale nyumba zinapokoma na mihogo inapoanza. Mwenyewe, Patron Sylvère, alikuwa mtu wa Kiriri mwenye tumbo la heshima na gari jeupe. Kiwanja alikipata kwa bei ya chini kwa sababu risasi za vita nazo zilipenda kupitia hapo. Ndani aliweka farasi wa mbao wa kuzunguka, wawili kati yao hawana vichwa. Mashua ya kubembea iliyolia kama mbuzi. Na fahari ya bustani, gurudumu kubwa la chuma lenye vikapu vya kukalia, ambalo lilikunyanyua mpaka ukaliona ziwa lote na milima ya Congo ng'ambo.

Upande wa milima yetu, ambako mabomu yalitokea, Patron alijenga ukuta mrefu wa matofali mabichi. Aliuita ukuta wa usalama, akaupaka maandishi mekundu: MABOMU YAKILIA, ZIMA MASHINE, LALA CHINI YA UKUTA, NYAMAZA. Hakuna aliyehitaji kuyasoma. Vita vilikuwa vimetimiza miaka kumi na miwili, na watoto wa Buja, mji wetu, walijua kulala kifudifudi kabla ya kujua kupiga magoti.

Msiniulize haya nimeyajuaje. Mimi, Régis, ni mwanafunzi wa bweni, kwa mapadri, mbali huko milimani, na tulifundishwa kwamba mtunzi wa hadithi huona yote kama Mungu, ila yeye haletewi sadaka.

Jumapili moja ya mwaka wa 2005, baada ya misa, foleni ya gurudumu ilifika hadi barabarani. Aliyeendesha mashine alikuwa kaka yangu Audace: ovaroli ya bluu, leso nyekundu shingoni, vidole vyeusi kwa mafuta, na meno ambayo mama yetu huyasifu hata msibani. Mbele yake akasimama msichana aliyewashika mikono watoto wawili wa shangazi yake. Alivaa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, kilichobanwa kiunoni kana kwamba fundi alisahau kwamba watu hupumua.

"Hii kintu inatetemeka," alisema akilikodolea macho gurudumu.

"Ilikuwa imetulia, mademoiselle. Imeanza kutetemeka sasa hivi, ilipokuona."

"Na we, juu ya nini hautetemeki?"

"Mi natetemeka ndani."

"Basi zima mashine uende kwa muganga."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Kijana, oa haraka! Watoto wetu wanachomwa na jua!"

"Unaitwa nani?" Audace aliuliza, akifungua mnyororo wa kikapu polepole kuliko ilivyohitajika.

"Benite. Natoka Goma."

"Goma? Kule mulima unamwaga moto?"

"Uliumwaga, ukakula nyumba yetu. Njo maana niko huku kwenu, kwenye watu ndio wanamwaga moto."

Audace alivua leso yake nyekundu, akafuta kiti cha kikapu, kisha akamwachia Benite leso ile mkononi. Benite hakuirudisha.

Tangu siku hiyo zikaanza simu, au tuseme bip, kwa sababu mshahara wa Audace haukuruhusu maneno. Bip moja: nakuwaza. Bip mbili: nimefika. Bip tatu: tantine, yaani shangazi, ameenda sokoni, kimbia. Mapenzi yao yalikuwa ya kimya, yakilia kidogo na kukatika, na kila mmoja akitabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Siku moja walikaa kwenye kilabu kimoja cha Kinama, mbele ya mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Lori la bia likapita, meza ikatikisika. Kufumba na kufumbua, Audace alikuwa amelala kifudifudi kando ya ukuta, na Benite alikuwa amesimama katikati ya barabara. Wakatazamana. Wateja wakacheka hadi bia ikawatoka puani.

"Ulikimbilia wapi, chérie?" Audace alisema akijipangusa vumbi. "Bomu lingekukuta wima!"

"Na we ukuta ungekulalia! Kwetu ardhi ikitetemeka tunakimbiaka inje, mbali na ukuta."

"Kwetu tunalalaka chini yake."

"Basi tutaoanaje? Kila mutu atakufia upande wake."

"Siku ikifika, nitakufuata wewe."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Aliapa akiwa na kipande cha nyama mdomoni. Mapadri wangetuambia kwamba kiapo cha namna hiyo bado ni kiapo.

Desemba ilipofika, shangazi Léocadie aliamua kurudi Goma kabla ya Noeli, na Benite aende naye.

"Yule mwanaume wako hajasema neno," alimwambia. "Anapiga bip. Mutu anaoaka kwa bip?"

Jioni ile simu ya Benite ililia, ikaendelea kulia. Akaipokea kwa woga, akidhani kuna msiba.

"Njoo kesho mchana," alisema Audace. "Utapanda kikapu, nitakusimamisha juu kabisa, halafu nitakuita kwenye simu."

"Bip?"

"Simu ya kweli. Nitakuuliza neno moja tu."

"Na kama nikikataa?"

"Nitakuacha huko huko juu mpaka ukubali."

"Mujinga we," Benite alisema, na usiku kucha hakufanya kazi nyingine ila kupiga pasi kitenge cha njano.

Kesho yake mchana bustani ilijaa watu. Benite alipanda peke yake, nywele zimesukwa upya, simu mkononi. Gurudumu likazunguka, likazunguka tena. Kikapu chake kilipokaribia kileleni, Audace aliweka mkono mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye mfuko wa simu.

Hapo ndipo sauti moja kali, kama ya kuku anayechinjwa, ilipolia katikati ya bustani: "Mabomu! Mabomu! Laleni!"

Sauti ya nani? Tuendelee. Mimi siku ile nilikuwa bwenini, nikisoma Kilatini.

Audace alitii ukuta. Alizima mashine, akakimbia. Kila mtu alikimbia: akina mama na watoto migongoni, muuza tiketi, Patron Sylvère mwenyewe na shati lake jeupe. Wakalala chini ya ukuta wa usalama wamebanana kama dagaa juani.

Kule juu, Benite, ambaye mngurumo wa mashine ulikuwa umemziba masikio, alisikia kikapu kimesimama. Akatabasamu. Akaweka nywele zake sawa, kana kwamba anayepiga simu huona, akaisogeza simu sikioni. Akangoja.

Kisha ardhi ikaja kweli. Ilikuja kutoka upande wa ziwa na ngurumo ya malori yasiyo na idadi. Gurudumu likalia kwenye viungo vyake vyote, vikapu vikagongana, farasi wa mbao wakatikisa vichwa, wale waliokuwa navyo. Waliolala chini walijibana zaidi ukutani. Kwao hilo ndilo lilikuwa bomu waliloambiwa.

Benite alitazama chini, akaelewa.

"Si mabomu! Ni tetemeko! Tokeni kwa ukuta! Audace, toka!"

Audace alimsikia. Aliinuka, akafika magotini, akasimama. Patron Sylvère akamkamata suruali.

"Lala, mbwa we! Watakuona!"

"Munyamazishe yule mwanamuke!" mtu mwingine alifoka. "Atatuuza!"

Katika mfuko wa ovaroli simu ikaanza kulia. Alikuwa Benite kule juu, na haikuwa bip. Ililia na kulia. Patron akaichomoa, akaizima, akaifumbata.

"Unataka wakusikie kule mulimani?"

Na Audace, aliyekuwa ameapa, alilala tena.

Ukuta haukuanguka kwa ghafla. Ulitikisika, ukajitanua tumbo, ukainama kama mlevi anayetafuta pa kulala, halafu ukawalalia. Wengi walitolewa na mifupa iliyovunjika. Patron Sylvère alitolewa amekufa, simu ya kaka yangu ingali ndani ya ngumi yake. Audace alitolewa mguu wake wa kulia ukielekea upande usiokuwa wake. Askari walilizungusha gurudumu kwa mikono, kikapu kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kushuka kilikuwa cha juu kabisa. Benite alishuka, akapita kando ya ukuta ulioanguka, akaona gari linambeba Audace akiwa hai, akaenda nyumbani.

Hakwenda hospitali siku ile wala wiki ile. Alijaribu simu, ikamjibu kwamba imezimwa. Akajaribu tena, jibu likawa lile lile. Shangazi Léocadie alikunja vitenge na kufunga mabegi.

Siku moja kabla ya safari, Benite aliingia katika wodi alimolazwa Audace, amevaa kitenge cha njano. Aliweka leso nyekundu juu ya shuka.

"Chukua. Kesho naenda."

"Benite, chérie..."

"Usiniite chérie. Ulisema utaniacha huko juu kama nikikataa. Mi nilikuwa sijakataa."

Audace akageuzia uso wake ukutani.

"Nilikuona ukisimama," Benite aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nikasema, huyu ni wangu. Halafu nilikuona ukilala tena. Na simu ukazima."

"Simu alizima Patron."

"Patron amekufa. Maiti haina mudomo, unaweza kumubebesha yote."

Wagonjwa waliacha kukohoa ili wasikie vizuri. Audace alijikokota, akakaa, plasta imening'inia mbele yake kama mguu wa mtu mwingine.

"Kulala, nililala. Hiyo ni yangu, nitakufa nayo. Lakini mashine sikuizima juu ya tetemeko. Niliizima mbele. Kuna mutu alilia mabomu, ardhi bado imetulia."

"Mbele ya tetemeko?"

"Ego, ndiyo, mbele," alijibu mzee wa kitanda cha pili, ambaye naye alitolewa chini ya ukuta ule. "Hata mimi nililala mbele."

Benite alikaa kitandani. Alikuwa na sura ya mtu anayehesabu upya.

"Basi njo yeye," alisema. "Wote mulikimbia. Mumoja alibaki wima, kati ya farasi, kofia imemufunika uso, anashika tumbo. Nilizani analia. Kumbe alikuwa anacheka."

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa kijana mmoja mtanashati, mwenye akili nyingi, amebeba machungwa. Yaani mimi.

"Huyu ni nani?" Benite aliuliza.

"Ni Régis, petit yangu, mdogo wangu. Karibu, petit. Siku ile alikuwa shuleni, bahati yake. Baada ya tetemeko walifunga mapema."

"Bonjour, belle-soeur, shemeji," nilisema, nikainamisha kichwa kwa adabu ya kimapadri. "Huko bwenini tuliwaombea sana."

Benite alinitazama. Alianzia kofia niliyokuwa nimeikunja kwapani, akamalizia tumboni. Kisha, bila kuniondolea macho, akafungua kinywa na kupiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Mabomu! Mabomu! Laleni!"

Wodi nzima ikaanguka. Mzee wa kitanda cha pili alijitupa sakafuni na mbavu zake zilizovunjika. Nesi Médiatrice aliachia sinia la dawa, akajifunika kichwa. Wanawake walitambaa chini ya vitanda, chupa zikapasuka, mtoto akalia, na kaka yangu Audace akaporomoka na plasta yake kwa kishindo kilichonipita mpaka kwenye meno. Mkono wake ulikuwa umemshika Benite kiunoni, ukamwangusha naye, na sasa alikuwa amemfunika kwa kifua chake.

Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama, chungwa mkononi.

Wakaanza kuinua vichwa, mmoja mmoja, na kila aliyeinua kichwa alinikuta mimi.

"Juu ya nini haulali, petit?" Benite aliuliza kutoka chini ya kaka yangu.

Mwili wa kila mtu wa Buja huanguka kabla ya kuuliza. Wa kwangu haukuanguka, kwa sababu uliijua ile sauti. Kabla ya kuwa ya Benite, ilikuwa yangu.

"Sema ulikuwa shuleni," Audace alisema. Hakuniuliza. Aliniomba. "Régis. Sema."

Benite alimfuta jasho la uchungu kwa ile leso nyekundu, na hakuirudisha kitandani. "Kule juu ulitaka kuniuliza neno," alimwambia. "Niulize sasa."

"Sikuulizi," alijibu Audace, macho yake kwangu, "mpaka huyu aseme."

Kwa hiyo nasema. Sikuona yote kama Mungu, wasomaji wangu. Niliona kwa sababu nilikuwa nimesimama, na wengine wote walikuwa wamelala. Shuleni walinifukuza kwa kulia mabomu wakati wa sala, na nilipoona mapadri watatu chini ya benchi moja niliapa kwamba duniani hakuna mchezo mtamu kuliko huo. Nikaja mjini kimya kimya. Nikapanda farasi asiye na kichwa.

"Ni mimi nililia mabomu," niliwaambia. "Patron Sylvère alilala pale kwa sababu mi nilimwambia alale." Mzee wa kitanda cha pili alikuwa bado chini, akijaribu kujigeuza, na hakuna aliyekuwa akimsaidia. "Nilizani mutacheka. Nilizani wote mutainuka."