Kaseti ya Mwisho ya Chama cha Katuni

Foleni ya magari ilikuwa ndefu kwenye kizuizi cha polisi nje ya mji wa Isiolo, na jua la saa tano lilikuwa limekwisha kuwa kali. Wauza miraa walipita kati ya malori. Ng'ombe wa mnada walisukumwa pembeni kwa fimbo na kelele. Katikati ya vumbi hilo, kijana mmoja mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu alikuwa amesimama mikono juu kama mwizi.

Jina lake lilikuwa Dima Halake, fundi wa redio na televisheni. Askari alikuwa amelimwaga boksi lake chini akakuta kaseti kumi na tatu za video, zimeandikwa herufi ambazo hakuna mtu pale aliyewahi kuziona. Huo ulikuwa mwaka wa 1985, na kitu usichoweza kukisoma kilikuwa kitu cha kuogopa. Dima alieleza kwamba Mjapani mmoja, Bwana Mori, aliyekuwa akichimba visima upande wa Kulamawe, amerudi kwao na kumwachia televisheni, mashine ya video na kaseti hizo, kwa sababu yeye ndiye aliyemtengenezea jenereta kwa miaka miwili. Askari aliuliza kama ni vitu vya kawaida, mbona vimeandikwa kwa siri.

Msichana mmoja alikuwa amesimama kando ya lori lililofuata. Alikuja kumletea dereva wa baba yake karatasi za mzigo. Alivaa gauni pana la dira la rangi ya machungwa, na shashi yake nyeusi ilikuwa imeteleza kutoka kichwani hadi mabegani. Aliinama, akaokota kaseti moja, akatazama picha ya kwenye jalada: msichana mdogo mwenye joho jekundu na macho makubwa kama visosi.

"Afande," akasema, "hii ni katuni. Umeona jasusi gani ako na macho kama haya?"

Foleni nzima ikacheka. Askari akakohoa, akamwambia Dima akusanye takataka zake aende. Dima alikusanya kimya mpaka kaseti ya mwisho ikarudi boksini.

"Hata asante hakuna?" msichana akauliza.

"Asante. Nilikuwa bado nimeshangaa."

"Umeshangaa polisi?"

"Nimeshangaa wewe."

Aliitwa Shamis, binti wa Mzee Warfa mwenye malori, Msomali ambaye babu yake aliletwa Isiolo na Waingereza akiwa askari. Mama alifariki Shamis akiwa mdogo, na tangu amalize shule ndiye aliyekuwa akishika simu na barua katika ofisi ya baba yake karibu na soko. Siku mbili baadaye alifika kibandani kwa Dima na redio isiyokuwa na ubovu wowote. Dima aliifungua, akaichungulia, akaifunga tena, akamwambia kwamba itachukua wiki nzima.

Hivyo ndivyo Chama cha Katuni cha mtaa wa Wabera kilivyoanza. Dima alikuwa na mashine, Shamis alikuwa na akili ya kupanga watu. Yeye ndiye aliyekwenda kwa D.O., ofisa wa tarafa, kuomba kibali cha mkutano, na D.O. alimtazama muda mrefu kabla ya kugonga muhuri, kwa maana hakuwahi kusikia watu wazima wakiomba ruhusa ya kutazama katuni. Jumamosi ya kwanza, saa tisa mchana, walikuja watu tisa katika ukumbi wa mtaa. Mwezi wa tatu ukumbi ulijaa, wengine wakasimama madirishani.

Hadithi ilikuwa moja, imegawanywa katika kaseti kumi na tatu, nao walionyesha moja kila mwezi. Kwa kadiri picha zilivyoonyesha, ilimhusu msichana aliyelinda mnara juu ya mawingu huku akimtafuta kaka yake aliyegeuzwa ndege wa chuma. Hakuna aliyejua Kijapani, kwa hiyo kila baada ya kaseti watu walibaki kubishana juu ya kilichosemwa, chai ikizunguka, sambusa zikiisha. Shamis alipiga chapa jarida la kurasa mbili kila mwezi, na ndani yake wanachama waliandika walivyodhani hadithi itaisha. Natabo, kijana wa Kiturkana aliyefanya kazi ya kuandika vibao vya maduka, alimchora msichana wa mnara ukutani akiwa mrefu kuliko mlango. Gaceri, fundi wa cherehani kutoka Meru, aliwashonea watu majoho kwa vitambaa vya mapazia, na mara moja kila baada ya miezi mitatu wanachama walivaa kama watu wa katuni wakashindana. Wazee waliokuwa wakitoka msikitini walisimama barabarani midomo wazi, wakimwona karani wa baraza la kaunti amevaa mabawa.

Na mapenzi yalikua hapo hapo, kati ya kupanga viti na kuviondoa. Siku za kazi Dima alikwenda kwenye kibanda cha simu cha posta akapiga ofisini kwa Mzee Warfa.

"Haloo, nauliza bei ya tairi."

"Tairi ya gari gani?" Shamis angeuliza, baba yake akiwa ameketi meza ya pili.

"Gari ya moyo."

"Hiyo gari ni mzee sana. Spea zake tuliacha kuleta."

Kisha angecheka ndani ya shashi yake, na Mzee Warfa angeuliza ni mteja gani huyo asiyenunua kamwe.

Wote wawili walijua kwamba si rahisi. Walisali msikiti mmoja, lakini Dima alikuwa Mborana, mtoto wa wafugaji, na Duale, kaka yake Shamis, alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba dada yake hataolewa na mtu wa kuchomelea waya. Dima aliahidi kwamba chama kikimaliza kaseti ya mwisho, atatuma wazee. Shamis alimwambia asikawie.

Kaseti ya mwisho ilipangwa kuonyeshwa Jumamosi moja ya Desemba, 1986. Wiki hiyo paa la kibanda cha Dima lilivuja, kwa hiyo Shamis aliichukua kaseti akaiweka nyumbani kwao, juu ya kabati la sebuleni. Aliapa kutoichungulia, na hakuichungulia. Alhamisi alipanda gari kwenda Meru pamoja na Gaceri kutafuta kitambaa chekundu, akarudi Ijumaa.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu walitoka Burat kwa miguu. Shamis alikuwa amevaa joho jekundu la msichana wa mnara, refu mpaka kwenye visigino, na Dima alipomwona aliangusha bisibisi. Taa zikazimwa. Wimbo wa mwanzo ukaanza, watu wakauimba Kijapani kama walivyousikia, mnara ukaonekana, msichana akafungua mlango wake.

Kisha picha ikakatika. Mistari myeupe ikapita, na mahali pa mnara kikatokea chumba chenye mazulia mekundu na saa ya ukutani. Watu waliotoka Burat walikitambua mara moja: sebule ya Duale, jirani yao. Wazee walikuwa wameketi kuzunguka sinia za wali. Duale alipita mbele ya kamera akicheka. Mzee Warfa alikuwa ameketi katikati, amevaa kofia ya sherehe. Mzee mmoja mgeni akasafisha koo, akasema kwa sauti iliyojaza ukumbi wote kwamba wamekuja kumwombea kijana wao Gedi, mwenye matangi ya mafuta, mkono wa Shamis binti Warfa. Mzee Warfa akasema amekubali. Mikono ikainuliwa, Fatiha ikasomwa.

Ukumbini mtu mmoja tu, kwa mazoea, aliitikia amina.

Shamis alikuwa amesimama ukutani, joho likiwa limemshika miguu. Alimtazama baba yake ndani ya televisheni kama mtu anayemtazama maiti akiongea.

Dima alichomoa waya. Katika mwanga hafifu wa dirishani alimsogelea, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Dima, mimi sijui hiki kitu."

"Kaseti imelala kwenu wiki nzima."

Hakungoja jibu. Aliacha mashine, akaacha televisheni, akatoka katikati ya watu waliovaa mabawa na majoho, na jioni hiyo akapanda lori la mahindi kwenda kwa mama yake Kulamawe.

Shamis alikwenda nyumbani vile vile, joho likifagia vumbi la Wabera, watu wakimpisha njia. Alimkuta baba yake na Duale wakinywa chai. Alisimama mbele yao, akauliza kama yeye ni mtoto wa nyumba hiyo au ni mzigo wa lori.

Mzee Warfa hakuelewa. Aliposimuliwa, aliweka kikombe chini.

"Lakini ulikubali," akasema. "Duale alikuuliza."

"Aabo, baba, hakuna mtu aliyeniuliza kitu."

Mzee alimgeukia mwanawe. Duale alianza kueleza habari za kaseti. Alisema alitafuta kaseti ya kurekodia akaiona hiyo juu ya kabati, akadhani ameisogeza mpaka mwisho palipo patupu, kisha akairudisha mahali pake, na Jumatatu alitaka kuipeleka Nairobi ikanakiliwe.

"Sikuulizi kaseti," Mzee Warfa akasema. "Nakuuliza, ulimuuliza dada yako?"

Duale alitazama chai yake. Matangi ya Gedi na malori ya Warfa yangekuwa kampuni moja, akasema, na hilo lilikuwa na faida kwa wote.

"Umenisomesha Fatiha juu ya uongo," Mzee Warfa akasema, akainuka kwenda kutawadha.

Wiki iliyofuata Mzee Warfa alikwenda mwenyewe Garissa, akaketi mbele ya watu wa Gedi, akaivunja posa kwa kinywa chake. Ilikuwa aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Aliporudi alimwambia Shamis kwamba hilo limekwisha, na kwamba hajasema neno lolote kuhusu yule fundi, kwa hiyo asidhani amemkubali.

Shamis hakudhani. Alilia siku tatu, siku ya nne akafungua ukumbi. Wanachama walikuja wakiogopa kumtazama usoni. Aliwaambia kwamba mwisho wa hadithi umefutika, haupo tena, na anayetaka aandike wake. Jumamosi hiyo walirudia kaseti ya kwanza. Aliiwasha mashine mwenyewe.

Asubuhi moja ya Januari, Dima alikuwa akinywesha mbuzi wa mama yake kisimani Kulamawe aliposikia lori. Liliposimama, akamwona Mzee Warfa akishuka polepole, fimbo mkononi. Alijua mzee amekuja kumpiga, naye hakukimbia.

Mzee alimsalimia mama wa Dima kwanza, kwa Kiborana safi, akauliza hali ya mifugo na mvua. Ndipo akamgeukia Dima.

"Ulimwacha binti yangu amesimama mbele ya watu."

"Mzee, alikuwa ameposwa."

"Hakujua. Alijulia hapo hapo, pamoja na wewe." Alimwacha kijana alimeze hilo, na akamwona akishika ukingo wa birika la kunyweshea mbuzi. "Mimi sikumuuliza, niliamini nilichoambiwa. Wewe pia hukumuuliza, uliamini ulichoona. Sasa mimi na wewe tuna tofauti gani?"

Dima aliiweka ndoo chini.

"Mimi ni mzee, nimeshamwomba msamaha," Mzee Warfa akasema. "Wewe lori lako ni hili."

Walisafiri bega kwa bega mpaka Isiolo. Kufika sokoni, wapagazi walikuwa wakishusha sukari mbele ya ofisi. Shamis alikuwa mezani, kalamu mkononi, amevaa gauni la kijivu na shashi nyeupe. Alimwona Dima nyuma ya baba yake na kalamu ikasimama. Mzee Warfa aliwapita, akatoka nje kuhesabu magunia ambayo yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa.

"Nimekuja kuuliza," Dima akasema.

"Uliza. Lakini anza na lile la kwanza."

Alielewa. Alilamba midomo iliyokauka kwa vumbi.

"Ulijua?"

"Sikujua." Macho yake yalijaa, lakini sauti haikutikisika. "Ilikuwa neno moja tu, Dima. Ungengoja neno moja."

"Nilikosa. Nilishtuka nikakimbia. Sina maneno mengine."

Nje mpagazi alipiga mluzi. Shamis alifuta macho kwa ncha ya shashi.

"Na la pili?"

"Utakubali nikuoe?"

Aliiweka kalamu mezani.

"Nimekubali," akasema. "Leta wazee wako. Lakini hapo watakapoketi, na mimi nitaketi."

Walikuja mwezi wa Februari, wazee wanne kutoka Kulamawe na vilemba vyao vyeupe, wakapokewa na wazee wa Wabera. Walipoingia sebuleni walimkuta bibi harusi mwenyewe ameketi kando ya baba yake, amevaa dira ya kijani yenye nakshi za dhahabu. Walisimama mlangoni, hawajui waingie au warudi, kwa maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jambo kama hilo. Duale aliyekuwa akigawa maji alitazama sakafu. Mzee Warfa akawaonyesha mito.

Mzee mkubwa wa upande wa Halake aliketi, akakohoa, akaanza kumweleza Warfa haja iliyowaleta. Warfa akainua mkono kwa adabu.

"Mwambieni mwenyewe," akasema.

Mzee akajirekebisha kwenye mto wake. Kisha, kwa mara ya kwanza katika posa zote alizowahi kusimamia, akageuza uso wake kwa msichana, akamuuliza.