Kompyuta Katika Sauna ya Arvo

Kompyuta mbovu hunuka plastiki iliyoungua. Ya Raili Lahtinen ilinuka majani mabichi yaliyochovywa maji ya moto. Asubuhi hiyo ya Januari, huko Thunder Bay, mji wa kaskazini penye baridi kali, giza lilikuwa bado limeganda madirishani na theluji imefika kizingitini. Aliiwasha kama kawaida, akaegemea kiti kusubiri ile picha ya ziwa. Badala yake kikatokea kidirisha cheupe:

*Faili SAUTI YA BABA limeharibika. Haliwezi kusomeka.*

Akabonyeza Sawa. Akalitafuta faili lenyewe, akalifungua, na kwenye spika ikasikika tsss ndefu, ya maji yanayomwagwa juu ya kitu cha moto. Kisha kimya.

Kazi ya Raili ilikuwa kuandika maneno ya wengine. Madaktari walirekodi habari za wagonjwa wao, yeye akasikiliza kwa spika za masikioni na kupiga chapa. Kutwa kucha ni midomo ya watu. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, machache mno, na ngoja niseme mapema kabisa: hilo ndilo lililomponza.

Chumba chake cha kazi kilikuwa sauna, kijumba cha kuogea mvuke. Babu yake aliijenga kwa magogo nyuma ya nyumba, kama Wafini wote waliohamia pande zile walivyojenga, na baba yake, mzee Arvo, alizaliwa humo humo, juu ya benchi. Kila Jumamosi familia ilioga, ikijichapa kwa vitawi vibichi vya mti wa mbetula vilivyochovywa maji ya moto. Na kila Jumamosi Arvo alisema neno lile lile, "Kata ya mwisho si yetu." Mkishaoga mnamimina kata moja ya maji juu ya mawe ya moto ya jiko, mnashukuru kwa sauti, mnatoka, mnafunga mlango. Mvuke ule ni wa mwenyeji, jini mdogo wa nyumba ile. Hakuna aliyewahi kumwona, na hakuna aliyethubutu kumnyima.

Arvo alipokufa, Wayne, mume wa Raili, aling'oa jiko akalitupa nyuma ya gereji, akang'oa mabenchi, akatandika zulia, akaingiza meza. Wayne hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo panapouma. Alitaka mkewe apate pa kufanyia kazi.

"Unaonaje, mke wangu?" aliuliza, vumbi limemjaa nywele.

"Sawa tu," Raili akasema. Usiku alilia ndani ya mto.

Faili lile lilikuwa kitu pekee alichobaki nacho. Jumamosi ya mwisho kabla mzee hajalazwa, Raili alimrekodi kwa simu akisimulia jinsi alivyozaliwa, akicheka, akikohoa. Simu yenyewe baadaye ilitumbukia kwenye tundu walilotoboa katika barafu ya ziwa, walipokwenda kuvua samaki. Nakala iliyobaki ilikuwa humo kwenye kompyuta, moja tu.

"Zima, washa," Wayne akasema. "Hiyo ndiyo dawa ya kila ugonjwa."

Wakazima, wakawasha. Sasa vidirisha vikawa viwili. Kesho yake picha za marehemu mama nazo zikawa hazisomeki. Wayne akaipima diski, kompyuta ikajibu haina kasoro hata chembe. Akanunua diski mpya, akahamisha kila kitu, akaiwasha huku anapiga mluzi. Kidirisha kikarudi kabla hajamaliza mluzi wake.

"Ina wazimu hii," akasema, lakini kwa sauti ya chini, na akatazama nyuma yake.

Basi ikafika asubuhi ambayo Raili aliingia akakuta kibodi imelowa, matone ya maji ya uvuguvugu juu ya kila herufi, na huko nje ni baridi ya kupasua miti. Akaketi, akawasha, akavaa spika zake, na wakati daktari mmoja akieleza habari za goti la mtu fulani akasikia nyuma ya sauti ya daktari pumzi nyingine, pumzi nzito ya mtu aliyekaa penye joto, ikivutwa na kuachiwa, na kioo cha skrini kikaanza kufunga ukungu kutoka chini kwenda juu, na mgongoni kwake, palepale lilipokuwa benchi ambalo halikuwepo tena, mbao zikalia kwaa, kama zinavyolia mtu anaposogea kumpisha mwenzake nafasi. Raili alitoka mbio bila koti. Hakupiga kelele. Hata hapo hakupiga kelele, jamani!

Akaenda kwa shangazi yake, Lempi, dada wa Arvo, ng'ambo ya pili ya mji. Bibi huyo alimpa kahawa na mkate wa iliki, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Jiko mlilipeleka wapi?"

"Nyuma ya gereji."

"Kwenye theluji?" Kikombe kikagonga sahani. "Na kata ya mwisho, nani alimmiminia?"

Raili akaangalia meza.

"Yaani mmemtoa mtu kwake bila hata hodi, katika baridi hii, halafu mnashangaa anavunja vyombo? Loo! Hata paka hafanyiwi hivyo."

"Shangazi, ile ni kompyuta tu."

"Ndicho kitu pekee chenye joto kilichobaki humo. Ulitaka akalale wapi?"

Raili akanong'ona, "Sauti ya baba atairudisha?"

"Ameishika tu, bado hajaila. Rudisheni jiko, washeni moto, mimineni kata yake, mumwombe radhi. Lakini useme wewe, mtoto wa nyumba, tena kwa sauti. Si hivi unavyoniinamishia kichwa. Yule hasikii vichwa."

Njia nzima, akiendesha gari polepole juu ya barafu, Raili aliyafanyia mazoezi maneno yake. Usifute kitu. Turudishe jiko. Sauti ya baba imo humo. Aliyasema mpaka akayazoea, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akajisikia ana nguvu.

Alimkuta Wayne ameketi mbele ya kompyuta, shati limemganda mgongoni kwa jasho, uso mweupe.

"Kuna kitu kimenipumulia shingoni," Wayne alinong'ona. "Nimechoka nayo, Raili. Naifuta yote naanza upya."

Kwenye skrini palikuwa na swali: *Futa kila kitu?* Kidole chake kilikuwa tayari.

"Ya mzee si yameshaharibika hata hivyo?" akasema. "Hayasomeki tena. Au una neno?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimwona jinsi alivyochoka, akafikiria atakavyosema jini, jiko, kata ya maji, na Wayne atakavyomtazama. Akaona aibu. Aibu! Mbele ya mume aliyelala naye miaka yote hiyo.

"Sawa tu," akasema.

Wayne akabonyeza. Nyuma yao mbao zikalia kwaa, mara moja, kama za mtu anayeinuka baada ya kusubiri vya kutosha.

Kesho yake kompyuta iliwaka upesi, safi, imenyamaza. Raili aliitazama huku machozi yanamtoka. Halafu kikatokea kidirisha kimoja.

*Faili RAILI limeharibika. Haliwezi kusomeka.*

Joto likamshika kifuani. Harufu ya majani ikajaa chumba, ikamwingia puani, kooni, ikashuka. Akafungua mlango na kinywa amwite mumewe, amwite kwa nguvu zote ambazo hakuwahi kuzitumia, na kinywani mwake ikatoka tsss, maji juu ya mawe.

"Inafanya kazi?" Wayne akauliza kutoka jikoni.

Tsss.

Wayne akangoja kidogo, hakusikia neno, akajua amekubali. "Si nilikwambia!" akasema, akajimiminia kahawa.

Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa, watu waliwauliza habari, na Wayne akajibu kwa niaba ya wote wawili kama alivyozoea. Hakuna aliyeona tofauti. Ni Lempi peke yake aliyemvuta Raili pembeni, karibu na makoti.

"Ulisema?"

Raili akafungua kinywa. Mvuke wa moto ukampiga shangazi yake usoni, una harufu ya majani ya mbetula na ya Jumamosi zote zilizopita. Bibi akaurudisha mkono wake taratibu.

"Basi," akasema, "ameshapata nyumba."