Chai ya Kikombe cha Karatasi

—Chukua chai, binti.

Mama yake mchumba wangu Amaladas alininyooshea kikombe cha karatasi. Yeye na mwanawe walishika bilauri za chuma zinazong'aa. Nikanywa. Chai tamu, roho yangu chungu.

Mimi Jeyaseeli ni nesi, na ni Mdalit, tabaka ambalo hapa India huhesabiwa najisi. Wao ni tabaka la juu. Sote Wakatoliki, parokia moja, lakini wao hukaa mabenchi ya kulia, sisi kushoto, na kukomunika tunangoja wamalize wao. Hata makaburini kuna ukuta katikati. Baba yangu huwachimbia makaburi bure, naye akifa atazikwa ng'ambo ya ukuta.

Nafika nyumbani tu, meseji ikaingia.

"Mama kakupenda. Anasema una adabu."

Nikajibu: "Kikombe changu kakipeleka wapi?"

Mara akapiga.

—Jeya, alikitupa jalalani. Nilimwona, lakini sikuona kitu mpaka ulipouliza.

—Miaka mitatu unanipenda, leo ndio unakiona?

—Nimekua na vikombe hivyo, mpenzi. Nisamehe. Tukaishi mjini Chennai, huko nani atajua?

—Mimi nitajua. Amala, nakupenda mpaka najionea huruma, ila siolewi kwa kujificha kama niliyeiba.

—Sasa nifanye nini?

—Jumapili ukae upande wetu. Usipokuja, padri asitangaze ndoa.

Jumapili nikakaa na baba, macho mlangoni. Misa ikaanza, Amala hayupo. Nikajisemea, basi, maji yamekwisha mwagika. Wakati wa Injili akaingia, akalipita benchi la mama yake, akaja kwetu.

—Shikamoo, baba. Nisogezee kidogo.

Baba akasogea. Watu wote shingo upande. Wenzake walipokwenda kukomunika, Amala hakuinuka. Alipokea pamoja nasi, wa mwisho kabisa.

Jumanne jioni mama yake akabisha hodi kwetu, peke yake. Mama yangu akababaika, akanituma dukani haraka nikanunue bilauri mpya, maana watu wao hawanywei zetu.

—Usimtume, dada. Nipe hiyo unayonywea wewe.

—Hii? Imebonyea.

—Hiyo hiyo. Jumapili nimepokea Mwili wa Bwana, nikageuka, namwona mwanangu anangoja kule nyuma. Umenikaa kooni mpaka leo.

Akanywa taratibu, yote. Kisha akamtazama baba.

—Kaka, kaburi la mume wangu ulilichimba wewe, juani, tangu asubuhi. Hata maji hatukukupa.

Baba akainamisha kichwa. Hajawahi kuitwa kaka na mtu wa mtaa ule. Mimi nilikuwa nimejiandaa kununa, nikajikuta nalia.

—Usilie, mkwe. Kesho mwende kwa padri, aanze kutangaza.

Akaninyooshea ile bilauri iliyobonyea.

—Lakini kwanza niongezee chai.